Waifai Inasuasua Kwenye Ruta ya OpenWrt: Pima Kwanza, Kisha Ubadilishe

Mtu akishaweka OpenWrt kwenye ruta yake ya nyumbani, lalamiko la kwanza huwa ni kasi. Wiki iliyopita simu ilisoma megabiti 200 kwa sekunde akiwa kwenye kochi. Leo, kochi lilelile na simu ileile, inasoma 30. Hukumu hutolewa papo hapo: programu huria ni mbovu, kampuni ya intaneti inaiba, au ruta imechoka. Mara nyingi hakuna lililo kweli kati ya hayo. OpenWrt huanza na mipangilio ya tahadhari: kwenye ruta nyingi waifai huja ikiwa imezimwa, nchi haijatajwa, na sheria za mawimbi hufuatwa kama zilivyoandikwa, hata pale ambapo baadhi ya programu za kiwandani huzipindisha. Asiyelijua hilo hugusa kila kitufe usiku mmoja, na asubuhi hajui kilichosaidia ni kipi na kilichoharibu ni kipi.

Kwa hiyo anza kwa kutafuta mahali penye kasoro. Data inayofika kwenye simu yako imepita sehemu tatu: laini ya mtoa huduma hadi kwenye ruta, ndani ya ruta yenyewe ambako prosesa ndogo huisukuma, na hewani kutoka kwenye antena hadi mkononi mwako. Chomeka kompyuta kwenye tundu la LAN kwa waya, zima waifai ya kompyuta hiyo, kisha pima kasi. Ikiwa kwa waya nako unapata 30, ziache antena na chaneli. Tatizo liko kwenye laini au kwenye prosesa. Ukipata namba inayozungukazunguka 94 wakati umelipia 200, hiyo ni dalili inayojulikana: tundu au waya unafanya kazi kwa megabiti 100, na zile sita zinazokosekana huliwa na vichwa vya pakiti. Huenda ruta yako haina matundu ya gigabiti, na ruta nyingi za bei ya chini hazina. Huenda pia waya umekatika ndani, kwa kuwa gigabiti inahitaji nyuzi zote nane na megabiti 100 hutosheka na nne. Badilisha waya kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote.

Ili kuipima hewa peke yake, bila kuihusisha intaneti, tumia programu ya iperf3. Iweke kwenye kompyuta mbili, moja ikiwa imeunganishwa na ruta kwa waya na nyingine kwa waifai, kisha zirushiane data. Usiiendeshe ndani ya ruta ukaamini namba zake. Prosesa ileile itakuwa inatengeneza data ya majaribio na wakati huohuo inaendesha waifai, na matokeo yatakuwa ya chini kuliko hali halisi. Angalia pia unasoma kipimo gani. Programu za kupakua mafaili huonyesha megabaiti, kampuni huuza megabiti, na baiti moja ni biti nane. Megabaiti 5 kwa sekunde ni megabiti 40.

Sasa tuje hewani, ambako ndiko kwenye matatizo mengi. Fungua LuCI, yaani ukurasa wa mipangilio wa OpenWrt, kwa kuandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari ikiwa hukuibadilisha anwani hiyo, kisha nenda sehemu ya Network na baadaye Wireless. Chini ya ukurasa kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na mbele ya kila kifaa kuna nguvu ya mawimbi na kasi ya muunganisho. Anayependa kuandika amri atayapata hayohayo, na zaidi, kwa iw dev kisha jina la kiolesura kisha station dump. Orodha hii ni muhimu kuliko kipimo chochote cha kasi cha mtandaoni, kwa sababu inakuambia ruta na simu zimekubaliana nini.

Kwanza fahamu kwamba kasi inayoandikwa hapo si kasi utakayoipata. Simu yenye antena moja kwenye bendi ya gigahezi 2.4, chaneli ya megahezi 20, hufika megabiti 72 za muunganisho kwa kiwango cha N. Data halisi itakuwa kama 40 hadi 50, na hiyo si hitilafu. Kwenye gigahezi 5, kwa kiwango cha AC na chaneli ya megahezi 80, antena moja hutoa 433 na mbili hutoa 867. Tarajia nusu hadi theluthi mbili ya namba hizo. Zinazobaki hutumika katika kusubiri zamu, kuthibitisha kwamba pakiti imefika, na kurudia iliyopotea.

Ukiona kifaa cha kisasa kimekwama kwenye 54 au chini yake, na kando ya namba hakuna herufi HT, VHT wala HE, hapo una bahati, maana dawa yake ni rahisi. Sababu huwa moja kati ya tatu. Ya kwanza ni usimbaji wa zamani: viwango vya N na vilivyofuata haviruhusiwi kufanya kazi na WEP wala TKIP, hivyo ukiacha TKIP kwenye mipangilio kwa ajili ya kompyuta fulani ya kale, unaweza kuvirudisha vifaa vyako kwenye kasi za mwaka 2003. Weka WPA2 yenye CCMP, ambayo wengi huijua kwa jina la AES, au WPA3 ikiwa vifaa vyako vinaiweza. Ya pili ni WMM, mpango wa kupanga foleni hewani. Kuna watu huizima wakidhani wanapunguza mzigo. Bila WMM, kasi za N na kuendelea hazipatikani kabisa. Ya tatu ni kuwa umechagua Legacy kwenye orodha ya modi badala ya N, AC au AX.

Baada ya hapo, itazame nchi. Andika iw reg get. Ukijibiwa 00, ruta haijui iko wapi, na kwa kutojua huko inajiwekea mipaka inayofaa dunia nzima: nguvu ndogo na chaneli chache. Katika mipangilio ya redio, kipengele cha Country Code, chagua nchi uliyomo, TZ, KE, UG, CD au nyingine. Orodha ya chaneli itabadilika, na usishangae chaneli uliyoizoea, tuseme 36, ikitoweka na nafasi yake kuchukuliwa na 149 na zinazofuata, kwa sababu kila nchi ina mgao wake wa masafa. Wapo watakaokushauri uandike nchi yenye nguvu kubwa zaidi. Mbali na kuwa ni kuvunja sheria, faida yake ni ndogo: ruta itapaza sauti, lakini simu yako haina antena wala betri ya kujibu kwa sauti hiyo. Alama zitajaa kwenye kioo na data haitakwenda.

Kisha upana wa chaneli. Bendi ya 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana kwa upana wa megahezi 20, nazo ni 1, 6 na 11. Ukichagua megahezi 40, OpenWrt hukagua majirani kabla ya kuanza, na ikikuta mitandao inayogongana nayo hujirudisha kwenye 20 bila kukuuliza. Mtu anaona ameandika 40 na orodha inaonyesha 20, anadhani programu imeharibika. Kuna kisanduku cha kulazimisha, ambacho kwenye faili la mipangilio huitwa noscan. Kwenye nyumba iliyojitenga shambani, kitie alama ukipenda. Kwenye ghorofa la Kariakoo au Eastleigh, ambako simu moja inaona mitandao isiyohesabika, sikushauri: utawaumiza majirani na wao watakuumiza wewe, na kasi ya wote itashuka. Iache 2.4 kwenye 20, itumie kwa vifaa vidogo na vyumba vya mbali, na kazi nzito zipeleke kwenye gigahezi 5 kwa upana wa 80.

Gigahezi 5 nayo ina mtego wake. Chaneli 52 hadi 144 hutumiwa pia na rada, na sheria inaitaka ruta isikilize kwanza kabla ya kurusha mawimbi. Kusikiliza huko ni sekunde 60, na kwa kanuni za Ulaya, chaneli zinazoangukia masafa ya rada za hali ya hewa husubiriwa dakika 10. Panapokatika umeme mara kwa mara utaliona hili: umeme unarudi, 2.4 inaonekana mara moja, 5 haipo, na simu zote zinakimbilia 2.4 na kung'ang'ania huko. Kisha watu wa nyumbani wanasema intaneti imekuwa nzito tangu umeme urudi. Amri ya logread itakuonyesha maneno DFS-CAC-START, ndiyo hiyo subira. Ikiwa umeme kwenu hautabiriki na nchi yako inaruhusu chaneli zisizo na rada, tumia hizo. Na ukibadilisha chaneli, fanya hivyo kutoka kwenye kompyuta iliyochomekwa kwa waya, kwa sababu LuCI ikipoteza mawasiliano na kompyuta yako baada ya badiliko, huirudisha mipangilio ya zamani yenyewe.

Nguvu ya mawimbi husomwa kwa desibeli hasi, na iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Hasi 50 ni nzuri sana. Hasi 67 inatosha video bila kukwama. Ukifika hasi 75 kasi inaporomoka. Nyumba zetu za matofali ya saruji, zege la ghorofa, milango ya chuma na tangi la maji darini huimeza gigahezi 5 vibaya sana. Usiifiche ruta ndani ya kabati la televisheni nyuma ya king'amuzi. Iinue, iweke katikati ya nyumba, na ikiwa umechomeka diski ya USB 3 kwenye ruta, ing'oe ujaribu tena: vifaa vya USB 3 hutoa kelele inayoangukia kwenye masafa ya 2.4. Chumba cha mwisho kikishindikana, vuta waya uweke ruta ya pili huko. Kirudiaji kisicho na waya, kinachopokea na kurusha kwa redio ileile, hukata kasi karibu nusu.

Kuna pia kifaa kimoja cha polepole kinachowachelewesha wote. Waifai ya kawaida hugawa zamu kwa pakiti, si kwa muda, hivyo simu ya zamani iliyo mbali inatumia muda mrefu kupeleka pakiti moja huku wengine wakisubiri, kama foleni ya bombani ambapo anayejaza ndoo kwa kikombe hawezi kuharakishwa. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha namna ya kugawa muda wa hewa kwa haki ndani ya Linux, na kazi hiyo imo kwenye viendeshi vya chipu kama ath9k ambavyo OpenWrt hutumia. Upande wako, hakikisha kisanduku cha kuruhusu kasi za zamani za 802.11b hakijatiwa alama, isipokuwa una kifaa cha kale kinachozihitaji.

Ikiwa hewa ni safi na bado intaneti haifiki kasi uliyolipia, rudi kwenye prosesa. Pima kasi huku umefungua amri ya top; asilimia ya sirq ikipanda sana na prosesa ikakosa nafasi, ruta imezidiwa na kazi ya kupitisha pakiti. Kwenye mipangilio ya Firewall kuna njia ya mkato iitwayo flow offloading. Ya programu hufanya kazi kwenye ruta nyingi, na ya chipu ipo kwa baadhi, mfano zenye MediaTek MT7621. Lakini chagua moja kati ya hiyo ya chipu na SQM, yaani mpango wa kupanga foleni za pakiti ili laini isijae, kwa kuwa pakiti zinazopita njia ya mkato hazipiti kwenye foleni ya SQM. Mimi ningechagua SQM kwa laini isiyo na kasi kubwa, maana simu za video zisizokatika zina thamani kuliko namba kubwa kwenye kipimo. Iwekee asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyoipima kwa waya. Na ukipandisha kifurushi, kumbuka kupandisha na namba hiyo. Wapo wanaolipia 50 huku SQM yao bado inawabana kwenye 18 ya kifurushi cha zamani.

Linabaki suala la chipu, na hapa hakuna mpangilio utakaosaidia. OpenWrt ilianza mwaka 2004 kutokana na msimbo wa Linksys WRT54G, ruta iliyokuwa na chipu ya Broadcom. Leo Broadcom ndiyo yenye viendeshi huria dhaifu zaidi vya waifai, ilhali MediaTek na Atheros zinatumika vizuri. Ruta za megabaiti 4 za hifadhi na 32 za kumbukumbu, kama matoleo mengi ya TL-WR841N, ziliishia kwenye OpenWrt 19.07 na hazipati marekebisho ya usalama. Kabla ya kununua, tafuta jina la ruta pamoja na namba ya toleo lake kwenye jedwali la vifaa la OpenWrt, kwa sababu jina moja linaweza kubeba chipu tofauti kila toleo. Na kama tayari unayo ya Broadcom, irudishie programu ya kiwandani ikiwa mtengenezaji bado anaitolea masasisho, au izime waifai yake uiache iendeshe waya tu, na waifai uikabidhi kifaa kingine.