Dartmoor: Chagua Mteremko Mmoja

Wengi wanaofika Dartmoor, katika mkoa wa Devon kusini-magharibi mwa Uingereza, hushuka garini kwenye kilima kimoja, wakapiga picha, wakakimbilia kingine. Hifadhi hii ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1951, ina kilomita za mraba 954 na vilele vya mawe zaidi ya 160. Ukivifukuzia vyote utarudi na picha za mawe yanayofanana. Chagua mteremko mmoja, utembee siku nzima. Kama ni mara yako ya kwanza, uwe ule wa kati ya Haytor na Hound Tor.

Anzia Haytor, mita 457 juu ya usawa wa bahari. Kabla hujapanda, simama chini uzitazame nyufa za mwamba. Graniti hii ilikuwa uji wa moto ulioganda ndani ya ardhi miaka ipatayo milioni 280 iliyopita. Ilipopoa ilipasuka, na maji yakaanza kuila kupitia nyufa hizo. Penye nyufa nyingi pakamomonyoka. Penye nyufa chache pakabaki pamesimama. Aliyekulia Mwanza hahitaji kuelezwa zaidi, kwani miamba ya kwao imechongwa na kazi hiyo hiyo. Vipande vilivyotapakaa mteremkoni vilibanduliwa na baridi ya enzi za barafu, na huteleza vikiloa, kwa hiyo vaa buti zinazoshika kifundo cha mguu.

Ukishuka upande wa kaskazini utayakuta machimbo ya zamani, na hapo inama utafute reli. Hazikutengenezwa kwa chuma. Ni graniti ile ile, iliyochongwa ukingo ili gurudumu lisitoke njiani. George Templer aliizindua njia hiyo mwaka 1820, mawe yakashushwa kwa mabehewa hadi kwenye mfereji wa Stover, na farasi wakayarudisha matupu juu. Sehemu ya mawe ya hapa iliingia katika Daraja la London lililofunguliwa mwaka 1831, ambalo baadaye liliuzwa na kuhamishiwa Lake Havasu City, Arizona. Zifuate reli hizo kwa muda. Mahali zinapogawanyika, fundi alilazimika kuchonga njia panda ndani ya jiwe, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote utakazoziona siku hiyo.

Kutoka hapo ramani itakuteremsha hadi kijito cha Becka, kisha utapanda kwenye magofu ya kijiji cha Zama za Kati, chini ya Hound Tor. Usipite haraka. Ingia nyumba iliyo ndefu kuliko nyingine na utafute upande ulioinama: huko walilala ng'ombe, ili mikojo iteremke nje, na watu waliishi upande wa juu chini ya paa hilo hilo, wakinufaika na joto la mifugo. Kisha tafuta tanuri za kukaushia nafaka. Mkulima anayelazimika kukausha mavuno yake kwa moto anakueleza hali ya hewa ya mahali hapa vizuri kuliko mtabiri yeyote.

Hali hiyo ya hewa ichukuliwe kwa uzito. Ukungu hushuka ghafla, na simu mara nyingi haina mtandao. Beba ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, namba OL28, pamoja na dira na koti la mvua. Ardhi yenyewe isome kwa mimea. Kangaga hupenda pakavu, hivyo penye kangaga pita. Majani membamba yaliyosimama kama sindano huonyesha maji yako karibu. Kuvumwani wa kijani kinachong'aa, laini kama zulia, uzungukie mbali, kwa sababu chini yake ni tope. Ukitoka, jikague kupe, hasa nyuma ya magoti. Farasi wadogo utakaowakuta wana wenyewe. Usiwalishe, maana wakizoea chakula cha watu husogea barabarani na kugongwa.

Ukitaka siku ya pili, nenda Grimspound, boma la Enzi ya Shaba Nyeusi ambalo ukuta wake unazunguka misingi ya nyumba 24 za duara. Sehemu za kaskazini, kwenye kilele cha juu kabisa cha High Willhays, mita 621, zitembelee baada ya kuangalia ratiba ya jeshi. Huko askari hufanya mazoezi ya kulenga shabaha, na bendera nyekundu ikipandishwa usivuke mpaka.

Panga muda kwa majira. Mwezi Juni mwanga hudumu hadi saa tatu na nusu usiku, lakini Desemba jua huzama saa kumi na robo jioni, kwa hiyo wakati wa baridi uwe umeanza kugeuka saa nane mchana, hata kama Hound Tor yenyewe hujaifikia.