Tangazo la Mshahara, Kazi ya Kamisheni

Kazi ya kamisheni tupu ni ile ambayo muuzaji halipwi hata franka moja mpaka auze, na akiuza hupewa sehemu tu ya bei. Yenyewe si haramu. Makomisyoneri wa nyumba na viwanja wa Bujumbura huishi hivyo, na mteja analijua hilo kabla hawajaongozana kwenda kutazama kiwanja. Haki huvunjwa pale tangazo linapotaja mshahara, kisha mwombaji akagundua wiki moja baadaye kwamba mshahara wenyewe ni asilimia ya sabuni atakazochuuza nyumba kwa nyumba.

Katika mtaa kama Gasenyi, kaskazini mwa jiji, tangazo la namna hii halihitaji gazeti. Hupita kwenye makundi ya WhatsApp na midomoni mwa watu. Lugha yake inajulikana: kampani inatafuta vijana 20 kwa haraka, wenye diploma ya A2, uzoefu si lazima, kazi ya ofisi au ya «marketing», mshahara mzuri. Jina la kampani mara nyingi halipo, ipo namba ya simu tu. Mwombaji akifika hukuta chumba cha kupanga chenye viti vya plastiki, ada ya fomu, ada ya beji, mafunzo ya siku tatu, na hotuba ndefu kuhusu watu walioanza bila kitu na sasa wana magari. Bidhaa hutajwa mwishoni. Siku ya nne anakabidhiwa mfuko na kupangiwa eneo: leo Gihosha, kesho Kamenge, keshokutwa Kinama. Nauli ni juu yake, na katika jiji ambalo mafuta ya gari yamekuwa ya kupigiwa foleni, na ambalo Machi 2022 lilipiga marufuku pikipiki, baiskeli na tuk-tuk kuingia katikati, nauli huweza kumeza kamisheni ya siku nzima.

Swali la kwanza la kisheria ni kama mtu huyo ni mfanyakazi au ni mfanyabiashara anayejitegemea. Jibu linatafutwa katika Sheria ya Kazi ya Burundi, namba 1/11 ya tarehe 24 Novemba 2020, iliyorekebisha ile ya 7 Julai 1993. Msingi wake ni ule ule wa sheria nyingi za kazi: mkataba wa kazi upo pale mtu anapotoa nguvu zake chini ya mamlaka ya mwingine, kwa malipo. Neno linalobeba uzito ni «mamlaka». Kampani humsainisha kijana karatasi inayomwita wakala huru, au mshirika, au «ajenti», na wengi huamini kwamba wakishasaini hivyo wamejifungia mlango. Sivyo. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 198 la mwaka 2006, linaeleza kwamba uhusiano wa kazi hupimwa kwa mambo yanayotendeka, hata kama wahusika wameuita jina jingine. Tanzania jirani imekwenda mbali zaidi: kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa namna anavyofanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine.

Kwa hiyo yanayofaa kukumbukwa ni mambo madogo ya kila siku. Nani anapanga saa ya kufika? Nani anachagua eneo la kuuza? Anayechelewa anakatwa? Fulana yenye nembo ni ya lazima? Ripoti inatolewa kila jioni? Mtu anayejitegemea haombi ruhusa ya kwenda kumzika shangazi yake. Anayelazimika kuiomba ana bosi, na mwenye bosi ana haki za mfanyakazi.

Haki hizo zina thamani gani kwa upande wa fedha? Hapa pana udhaifu mkubwa ambao ni vizuri kuusema wazi. Mshahara wa chini uliowekwa mwaka 1988 ulikuwa franka 160 kwa siku kwa Bujumbura na Gitega, na franka 105 kwingineko. Ulikaa hivyo kwa zaidi ya miaka 30 huku bei zikipanda mara nyingi. Franka 160 leo hazinunui yai moja. Katika nchi ambazo kima cha chini kimehuishwa, muuzaji wa kamisheni aliyethibitishwa kuwa mwajiriwa anaweza kukitegemea. Gasenyi hakimfai kitu. Ndiyo sababu ahadi yenyewe, yaani kiasi kilichotajwa kwenye tangazo au katika usaili, ndiyo mali kubwa aliyonayo mlalamikaji. Asiyeweza kuonyesha kwamba aliahidiwa, tuseme, franka 300,000 kwa mwezi atabaki akidai kima ambacho hata akishinda hakitamlipia basi la kumrudisha nyumbani.

Ushahidi huo hupotea upesi, kwa kuwa tangazo la WhatsApp hufutwa na namba ya simu hubadilishwa. Picha ya tangazo yenye tarehe, ujumbe wa sauti wa anayeajiri, risiti ya Lumicash au EcoCash ya ada iliyolipwa, majina ya wenzake waliokuwa katika mafunzo siku ile: vyote hivi vihifadhiwe kabla ugomvi haujaanza. Kabla ya hapo kuna hatua rahisi zaidi, nayo ni kuuliza namba ya mlipakodi ya kampani, NIF, inayotolewa na mamlaka ya mapato, OBR, pamoja na namba yake katika rejesta ya biashara. Kampani iliyosajiliwa haina sababu ya kuzificha.

Udanganyifu wenyewe una sheria zake, tena za zamani kuliko jamhuri. Kitabu cha tatu cha sheria ya madai kinachohusu mikataba kilitoka kwenye amri ya 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo ya mfalme Léopold na baadaye kuletwa Burundi na Wabelgiji. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mkataba ambao upande mmoja uliuingia kwa kulaghaiwa unaweza kubatilishwa, mradi ionekane kwamba bila ulaghai huo asingekubali. Kijana aliyeambiwa kazi ya ofisi na akapewa mfuko wa kuchuuza ana hoja hapa, hata kama saini yake ipo. Na kama fedha zilitolewa kwa kampani isiyokuwepo, au kwa nafasi za kazi ambazo hazikuwepo tangu mwanzo, suala linaingia katika utapeli, kosa la jinai linaloadhibiwa na sheria ya makosa ya jinai ya 29 Desemba 2017. Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa kwa afisa wa polisi ya mahakama, OPJ, au kwa mwendesha mashtaka.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haiko kwenye mshahara uliokosekana. Iko kwenye deni. Bidhaa hutolewa asubuhi na muuzaji husaini karatasi. Karatasi hiyo ikiandikwa kwamba amepokea bidhaa za kampani ili aziuze kwa niaba yake, hasara inajadilika. Ikiandikwa kwamba anadaiwa thamani yake, amekiri deni. Wachuuzi wa Bujumbura wanajua jinsi bidhaa zinavyoweza kupotea: jiji limekuwa likiwafukuza wauzaji wa kutembeza, na mzigo unaochukuliwa na polisi mara nyingi haurudi. Kampani iliyomtuma barabarani humgeukia yeye alipe, au humtishia gereza.

Kuhusu gereza, ni lazima kutofautisha. Aliyeuza bidhaa za watu akala fedha anaweza kushtakiwa kwa kuvunja uaminifu, na hilo ni kosa la jinai. Aliyenyang'anywa mzigo, au ambaye bidhaa zake hazikununuliwa, ana deni la madai tu, kama lipo kabisa. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 1990, unakataza katika ibara ya 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Mtu akiitwa na OPJ kwa deni la namna hii, hiyo ndiyo ibara ya kutaja, na asisaini maelezo ambayo hajayasoma au hajasomewa kwa lugha anayoielewa.

Jambo ambalo halidaiwi sana, ingawa lingestahili, ni bima. Mwajiri anapaswa kumwandikisha mfanyakazi wake katika taasisi ya hifadhi ya jamii, INSS, na taasisi hiyo hushughulikia pensheni pamoja na ajali za kazini. Kwa mtu anayetembea juani kutoka kiambo hadi kiambo, ajali ya barabarani ni ajali ya kazini. Kampani inayomwita wakala huru huwa inakwepa mchango huu pia.

Mlango wa kwanza wa mgogoro wa kazi ni mkaguzi wa kazi, aliye chini ya wizara inayohusika na kazi. Mkaguzi huziita pande zote mbili na kujaribu kuzipatanisha. Wakikubaliana, makubaliano huandikwa. Wasipokubaliana, huandikwa pia kwamba wameshindwa, na kwa karatasi hiyo mlalamikaji hufungua kesi katika Mahakama ya Kazi ya Bujumbura. Haifai kungoja, kwani madai ya malipo huisha muda wake. Mashirikisho ya vyama vya wafanyakazi, COSYBU na CSB, yanafahamu njia hii na yanaweza kumwelekeza mtu asiye na wakili. Bashingantahe, wazee wasuluhishi wa mtaa, nao wanaweza kusuluhisha, hasa pale anayeajiri ni mkazi wa hapo hapo Gasenyi na bado anasalimiana na watu. Watakachoamua kiandikwe na kisainiwe na wote wawili, na nakala moja ibaki kwa aliyelalamika.