Macho na Mwendo

Kila jicho lina misuli sita ya kuligeuza. Ukisafiri kwa basi kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa, mtazame mwenzako aangaliaye nje: macho yake hufuata mkorosho mmoja hadi upite, kisha huruka ghafula kushika mwingine. Mikorosho ya karibu huonekana kupita mbio. Vilima vya mbali, polepole.

Lakini pikipiki ikujiayo moja kwa moja haipiti upande. Picha yake jichoni hukua tu, tena kidogo sana ikiwa bado mbali. Ndiyo sababu mtu hudhani yaja polepole, kumbe yaja kasi.

Basi wanafunzi, mvukapo barabara, msiamini mtazamo mmoja. Tazameni kulia, kushoto, na kulia tena. Mkiiona pikipiki, ngojeni ipite.