Usivute Upesi: Kuvua Besi kwa Chura wa Mpira

Besi ni samaki wa Marekani aliyeletwa ziwa Naivasha katika miaka ya 1920, na sasa yumo pia katika baadhi ya mabwawa ya mashamba. Hujificha chini ya majani yanayoelea akivizia chura. Kwa hiyo wavuvi humdanganya kwa chura wa mpira mwenye ndoana mbili zilizolala mgongoni, ili zisinase magugu.

Wengi humpoteza kwa haraka. Maji yakiruka tu, wao huvuta, na chura hurudi mtupu. Wewe ngoja. Inamisha ufito, uelekeze kwa samaki, kusanya mshipi uliolegea, na ukisikia uzito wake ndipo uvute kwa nguvu, bila kulegeza, mpaka atoke maguguni. Mshipi mwembamba ni hasara hapa: utakatika, na besi ataondoka na chura uliyemnunua kwa fedha zako.

Kabla ya kutupa, mbonyeze chura kwa vidole. Akiwa mgumu, ndoana hazitatokeza. Zinoe, kisha uzipinde nje kwa koleo, kidogo sana, la sivyo zitashika kila jani. Besi akikosa, usimwondoe chura. Mwache atulie palepale, halafu umtikise. Mara nyingi samaki hurudi.