Jeshi Lililofungwa na Njia Yake: Vita vya Urusi na Ufini, 1939-1940

Watu wengi hudhani ya kuwa taifa lenye askari wengi na silaha nyingi halina budi kushinda upesi, na ya kuwa taifa dogo likivamiwa na jirani yake mkubwa halina la kufanya ila kusalimu amri. Vita vya siku 105 baina ya Urusi na Ufini vyaonyesha ya kuwa hesabu ya namna hiyo haitoshi.

CHANZO CHA UGOMVI

Ufini ni nchi ya kaskazini ya Ulaya, yenye misitu mikubwa na maelfu ya maziwa. Ilikuwa chini ya Urusi tangu mwaka 1809 hata ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Desemba, 1917. Mwaka 1939 watu wake hawakutimia milioni nne, na Umoja wa Kisovyeti, yaani Urusi ya Kikomunisti, ulikuwa na watu milioni 170 hivi.

Mpaka wa nchi hizi mbili ulipita kiasi cha maili 20 tu kutoka mji mkubwa wa Leningrad. Serikali ya Stalin iliogopa ya kuwa adui angeweza kuingia kwa njia hiyo. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba, 1939, ilitaka mpaka usogezwe nyuma, ikataka na visiwa kadhaa, na mahali pa kuweka manowari huko Hanko, ikaahidi kutoa badala yake sehemu kubwa zaidi ya ardhi upande mwingine. Wafini walikataa, wakihofu ya kuwa atoaye kidogo leo huombwa chote kesho.

Tarehe 30 Novemba, bila vita kutangazwa, ndege za Kirusi ziliangusha mabomu juu ya Helsinki, na majeshi yakavuka mpaka. Mara Moscow ikatangaza serikali mpya ya Wakomunisti wa Kifini, iliyowekwa katika mji mdogo wa mpakani uitwao Terijoki, ikitumaini ya kuwa wafanya kazi wa Ufini wataipokea kwa furaha. Hawakuipokea. Wafini waliokuwa wamepigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1918 sasa walisimama pamoja. Hilo lilikuwa kosa la kwanza la mvamizi: alijiambia habari alizopenda kuzisikia.

BARABARA YA RAATE

Upande wa kati Warusi walikusudia kwenda hata mji wa Oulu ulio pwani, na hivyo kuikata Ufini vipande viwili. Divisheni ya 163 iliingia kijiji cha Suomussalmi tarehe 7 Desemba, lakini ilikuta majivu, maana wenyeji walikuwa wamekwisha kuchoma nyumba zao ili adui asipate mahali pa kulala. Kisha Wafini, chini ya Kanali Hjalmar Siilasvuo, wakaanza kuwazingira.

Divisheni ya 44, yenye askari wengi waliotoka Ukraine, ilitumwa kuwasaidia kwa njia ya barabara nyembamba itokayo Raate. Wafini wachache waliiziba barabara hiyo mahali palipo kati ya maziwa mawili. Divisheni ya 44 haikuweza kupita. Hata mwisho wa Desemba ile ya 163 ilikuwa imevunjika, na waliosalia walikimbia juu ya barafu ya ziwa.

Sasa zamu ilikuwa ya divisheni ya 44 yenyewe. Vifaru vyake, malori yake, mizinga na farasi vilikuwa vimepangana njiani kwa urefu wa maili nyingi. Kulia na kushoto palikuwa na msitu na theluji nyingi, ambayo mtu asiye na vibao vya kutelezea huzama ndani yake hata magotini na zaidi. Baridi ilifika digrii 40 chini ya kiwango ambacho maji huganda, na mwanga wa mchana ulikuwa wa saa chache tu. Barabara iliyowaleta ikawa gereza lao.

Wafini walivaa mavazi meupe yasiyoonekana katika theluji, wakatembea kwa vibao vyao, na wakatengeneza njia zao wenyewe juu ya maziwa yaliyoganda. Walilala katika mahema yenye moto. Tangu siku za kwanza za Januari, 1940, waliikata barabara mahali pengi. Kila fungu la adui lililozingirwa waliliita motti, jina la rundo la kuni zilizokatwa na kupangwa tayari kuchukuliwa. Walishambulia hasa majiko ya jeshi, kwa kuwa askari akosaye chakula cha moto katika baridi ile hawezi kudumu. Kwa Mrusi, kila shauri lilikuwa baya: aliyewasha moto usiku alionekana akapigwa risasi, na asiyewasha aliganda.

Kwa muda wa juma moja hivi divisheni ya 44 ikaisha. Wafini waliteka vifaru 43, mizinga zaidi ya 70, na farasi zaidi ya 1,000. Jemadari wake, Vinogradov, aliponyoka akarudi kwao, lakini tarehe 11 Januari alipigwa risasi mbele ya askari wake mwenyewe kwa amri ya wakubwa. Waliowatuma watu hao bila mavazi ya kutosha wala mazoezi ya msituni hawakupigwa risasi. Tena, maofisa wengi wenye ujuzi walikuwa wamekwisha kuuawa au kufungwa na Stalin katika miaka ya 1937 na 1938.

MWISHO WA VITA

Haifai kudhani ya kuwa Ufini ilishinda. Warusi walijifunza. Jemadari Timoshenko alipewa uongozi, akafanyiza askari mazoezi, akakusanya mizinga mingi, na mwezi wa Februari akavunja ngome za Wafini huko Summa. Ufini ilichoka, na msaada wa kutosha haukuja. Vita vilikoma tarehe 13 Machi, 1940. Ufini ilipoteza kiasi cha sehemu moja katika kumi ya nchi yake, na watu zaidi ya 400,000 walihama makwao. Wafini 25,000 hivi walikufa. Warusi waliokufa au kupotea walizidi 120,000. Lakini Ufini haikutawaliwa, na ile serikali ya Terijoki ilivunjwa bila kutawala chochote.

MAFUNZO

Kwanza, wingi wa watu si nguvu mpaka wawe na chakula, mavazi na njia. Pili, aingiaye nchi ya mwenzake bila kuijua hupigana na watu, na ardhi, na majira, vyote kwa pamoja. Tatu, mkubwa aogopwaye na watumishi wake haambiwi kweli, na gharama ya uongo huo hulipwa na askari mdogo aliye mbele. Wazee wamesema: mdharau mwiba, mguu huota tende. Urusi ilipata ardhi iliyoitaka, lakini ilirudi kwao ikichechemea.