SOMO: YOSEFU, TAMARI, NA MKUBWA ANAYEDAI MWILI

Kusoma: Mwanzo 39:1-20, 2 Samweli 13:1-29

Somo hili si rahisi kulitamka mbele ya watoto. Lakini watoto wenyewe wanalijua kuliko sisi. Wanafunzi wa iniversite zetu wanazungumza kwa mzaha juu ya « pointi zinazoambukizwa kitandani », kama vile ugonjwa. Anayetendewa hacheki.

Tumezoea kumfundisha Yosefu kama kijana aliyeshinda kishawishi. Ni kweli, lakini tutazame hali yake. Alikuwa mtumwa aliyenunuliwa kwa feza. Yule mwanamke alikuwa bibi wa nyumba. Mstari wa 10 unaonyesha kwamba alimsumbua siku kwa siku. Yosefu alikataa kwa maneno, akaepuka kukaa karibu naye, mwishowe akakimbia. Akapata nini? Vazi aliloacha likawa ushuhuda wa kumshitaki, na bwana wake akamfunga. Basi binti akikuambia: « Nilimkatalia shefu, sasa sina kazi », usimjibu kwamba kama angekuwa safi Mungu angelinda kazi yake. Yosefu alikuwa safi, akalala gerezani. (Tena tunaona kwamba hata mwanaume anaweza kusumbuliwa hivi.)

Tamari alikuwa binti wa mfalme. Amnoni, mzaliwa wa kwanza, alijifanya mgonjwa ili dada yake atumwe kumpikia. Tamari alikataa, akamweleza sababu, akashindwa kwa nguvu. Baba yao Daudi aliposikia alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alimwazibu Amnoni. Absalomu naye akamwambia dada yake anyamaze kwa sababu ni ndugu yake. Si ndiyo maneno ya jamaa zetu? Nyamaza, ni mjomba wako. Nyamaza, ndiye anayetulipia shule. Baada ya miaka miwili Absalomu akamwua Amnoni, na baadaye akapigana na baba yake mwenyewe.

Sasa tujitazame sisi. Wana wa Eli walikuwa makuhani, nao walilala na wanawake waliotumika mlangoni pa hema (1 Samweli 2:22). Eli aliwakaripia kwa maneno, akawaacha katika kazi. Hivyo hivyo, mtumishi akimwita mama au msichana usiku kwa maombi ya watu wawili, akisema Roho amemwonyesha, ni nani kati yetu anayethubutu kumwuliza? Maombi yafanyike mlango wazi, mama mwingine akiwapo. Asiyekubali hivyo asiombee watu.

Serikali nayo imesema. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 iliweka kifungo cha mwaka 1 hadi 12 kwa mtu anayemsumbua mwingine kwa kurudia-rudia, kwa maneno, kwa vitisho au kwa mamlaka ya kazi yake, ili apate mambo ya mwili. Ilisema pia kwamba cheo hakimwondolei mtu hatia wala hakipunguzi azabu. Lakini kwa kosa hilo la kusumbua, sheria hiyo ilitaka aliyetendewa apeleke malalamiko mwenyewe. Kwa hiyo tukimfunga binti kinywa, tumemfunga hakimu pia.

Anayesumbuliwa aandike tarehe, mahali na maneno aliyoambiwa. Asifute ujumbe wa telefone, hata ukimtia haya. Amwambie mtu mmoja anayemwamini mapema, maana ushuhuda wa juma lile una nguvu kuliko wa mwaka ujao. Asiende peke yake katika biro ya mkubwa huyo. Na akienda parke, asindikizwe. Akiwa amekwisha kulazimishwa kimwili, afike hospitali upesi, kabla ya masaa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya SIDA ikichelewa haisaidii. Nguo alizovaa asizifue. Mkutano wa wazee utangoja, hospitali haingoji.

Juma lijalo tutasoma 2 Samweli 12, namna Natani alivyoingia kwa mfalme. Mbele ya siku hiyo, kila kikundi cha wamama na cha vijana kijibu swali moja: katika parokia yetu, binti akisumbuliwa na mkubwa wa kanisa, anaweza kwenda kwa nani? Mlete jina, si maelezo.