Majivu ya Pumba za Mpunga Katika Saruji: Uliza Kabla ya Kulipa

Katika tambarare ya Ndungu, chini ya Milima ya Pare wilayani Same, mpunga hulimwa kwa umwagiliaji. Kila kilo 100 za mpunga zikikobolewa huacha takriban kilo 20 za pumba, na pumba hizo zikichomwa hubaki takriban kilo 4 za majivu. Majivu hayo yana silika nyingi. Saruji inapokutana na maji hutoa chokaa. Silika huungana na chokaa hiyo na kuongeza nguvu ya kushika mchanga. Hivyo majivu yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji, na kupunguza hewa ukaa itokanayo na uchomaji wa mawe ya chokaa viwandani.

Hata hivyo, si majivu yote yanayofaa. Kabla ya kununua majivu au matofali yaliyochanganywa nayo, tunakushauri uulize maswali manne.

Kwanza, yalichomwaje? Joto lisizidi takriban nyuzi 700 za Selsiasi. Moto mkali mno huidhoofisha silika, na vumbi lake hudhuru mapafu. Majivu meusi yana makaa yasiyoungua. Majivu ya kuni ya jikoni si mbadala.

Pili, yamesagwa? Ni lazima yawe laini kama saruji yenyewe. Anayeyashika afunike pua na mdomo.

Tatu, yamepimwaje? Majivu ni mepesi, kwa hiyo yapimwe kwa mizani, si kwa ndoo. Kiasi cha tahadhari ni kilo 1 ya majivu kwa kilo 9 za saruji.

Nne, ni saruji ipi? Soma mfuko. Ulioandikwa CEM II tayari una viungo vingine vilivyotiwa kiwandani. Kuongeza majivu humo kwaweza kuidhoofisha.

Tofali la majivu hukomaa polepole. Linyweshwe maji kwa siku 14, wala lisibebeshwe mzigo kabla ya siku 28. Kwa nguzo, mihimili na linta, usikubali majivu pasipo ushauri wa mhandisi na vipimo vya maabara.

Dai risiti inayotaja mchanganyiko. Muuzaji akishindwa kujibu, usilipe. Ukuta ukipasuka, nafuu uliyoipata kwenye mfuko mmoja wa saruji haitatosha kuujenga upya.